Kitanda cha Upande wa Mlima

Gikondo, Kigali
Jumatano, mwezi wa nne

Mdogo wangu Kankindi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Dominic, pamoja na hao wanao ambao kila nikipiga simu wananiuliza nimewatumia nini kabla hawajajua ni mjomba yupi anayeongea. Natumaini mgahawa unakwenda vizuri, na kwamba madereva wa Benako bado wanalalamikia ugali wako mgumu na bado wanarudi kuula. Sisi huku tupo. Magoti yangu yamezikataa ngazi na tumbo limeukataa mkanda, lakini bado nafundisha watu kuendesha gari, na mpaka leo hakuna mwanafunzi aliyefanikiwa kuniua, ingawa kuna mama mmoja wa wiki iliyopita aliyefanya juhudi za kweli.

Najua umeshangaa kuona bahasha, kama vile tumerudi enzi za shule kule Karagwe. Nisamehe. Simu yako wewe ni ya kijiji kizima: mtoto anapokea, mwingine anaweka spika, na mteja aliyekaa karibu na jiko anachangia. Na hii yangu, Mama hukaa pembeni yake akijifanya amesinzia. Ndiyo maana nimempa barua Maneno, dereva wa lori la mchele unayemjua, yule anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Isome jikoni ukiwa peke yako, kisha itie chini ya sufuria iungue. Sifanyi mzaha hapo.

Nianze na nyumba, kwa sababu hujawahi kufika tangu tuhamie hapa. Ni ghorofa ya zamani, sakafu tatu, iliyojengwa na marehemu baba yake Mugenzi, ambaye ndiye mwenye nyumba wetu sasa. Wakati huo Gikondo ilikuwa ya magereji na maghala kuliko ya watu. Kama kila kitu cha mji huu, imewekwa kwenye mteremko. Ukisimama mbele unaona barabara, kanisa na fundi wa mabodi ya magari. Ukizunguka nyuma, mlima unakutazama usoni, umezuiwa na ukuta mmoja wa mawe, na kati ya ukuta huo na nyumba kuna uwanja mwembamba wa kuanikia nguo. Sisi tunakaa chini. Sebule, ambamo mimi hulala, iko upande wa barabara. Chumba cha Mama kiko upande wa mlima. Alikichagua mwenyewe, akasema huko hakuna kelele.

Chini ya ule ukuta kulikuwa na lundo la mawe makubwa, limeegemea ukuta kwa urefu wake wote, limeota majani, limejaa panya. Lilikuwa baya, nisikudanganye. Basi mwezi wa pili tukasikia kwamba katika mtaa wetu watapita viongozi kutazama ni nyumba ipi safi kuliko zote. Wewe unaishi Tanzania, huwezi kujua jambo hilo linavyotuingia huku katika damu. Épiphanie, jirani yetu wa juu, kiongozi wa kwaya na mtu wa kupanga mambo ya Mungu na ya wengine, akasema Jumamosi ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, tusiende mbali kufyeka majani ya barabarani, tuanze na aibu yetu wenyewe. Wote tukakubali. Tulijipanga mstari tukapitishiana mawe mkono kwa mkono, asubuhi nzima, tukiimba. Mimi, kusema kweli, nilibeba maneno mengi kuliko mawe, lakini nilikuwepo. Mawe tukayapanga kandokando ya njia ya mbele, tukayapaka chokaa. Pale yalipotoka tukapanda maua.

Tukashinda, Kankindi. Tulipigiwa makofi mkutanoni. Mkuu wa umudugudu, yaani mtaa wetu, akaleta watu wa mitaa mingine waje kupiga picha na maua yetu, na Épiphanie alikuwa akiwapokea kwenye ngazi kama bibi harusi. Mama aliomba kiti akakaa katikati ya maua, akasema hapo ndipo atakapokuwa anaota jua mpaka Mungu amkumbuke.

Na mimi ni mtu ambaye mkate wake unatokana na kuwaambia watu: ukiegesha gari mlimani, breki ya mkono haitoshi, weka jiwe kwenye gurudumu. Nalisema kila siku ya Mungu. Hata siku ile ya umuganda nilikuwa nimelisema asubuhi kwa kijana mmoja kabla sijaja kupitisha mawe.

Mugenzi alikuja mwezi wa tatu. Tulimsubiri kama watoto wanaosubiri kusifiwa. Akasifu njia, akasifu chokaa, kisha Épiphanie akamshika mkono kumpeleka nyuma akaone maua. Alipokunja kona aliuachia mkono wa Épiphanie. Akachuchumaa, na suti yake hiyo, akaweka kiganja kwenye ukuta kama unavyompima mtoto homa. Akauliza nani ametoa mawe. Épiphanie akanyoosha kidole kama mwanafunzi bora. Mugenzi akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mawe yale aliyaweka baba yake kwa mikono yake mwaka ambao mlima ulishuka mpaka dirishani, na kwamba baba alikuwa amekataza yasiguswe hata na kuku. Tukatazamana. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akacheka kidogo, akasema kwa Kifaransa chake kwamba mambo yatakwenda sawa, ukuta umekwisha kukauka miaka yote hiyo, tusiwe watu wa hofu. Tukamwomba turudishe mawe. Akasema hapana, tusiuchokoze, yeye ataleta mafundi.

Hakuleta mafundi. Alileta pikapu. Unajua, kuna chumba kimoja hapa chini kilichokuwa kimefungwa kwa kufuli tangu tuhamie, humo aliweka vitu vya marehemu baba yake. Siku chache baada ya kuushika ule ukuta, alikuja na vijana wa kubeba, wakatoa kabati, wakatoa saa ya ukutani, wakatoa mpaka viti vilivyovunjika miguu. Épiphanie akamtania, akamwuliza kama anaoa. Akajibu kwamba anavipeleka kupigwa vanishi. Tulisimama kwenye ngazi tukitazama kabati likipita mbele yetu. Viti vilivyovunjika, Kankindi. Nani anapiga vanishi viti vilivyovunjika?

Kisha mvua za masika zikaanza.

Ufa ulianza juu ya mto wa Mama, mwembamba kama unywele. Nikajiambia ni rangi. Baada ya siku kadhaa ukucha wangu ulikuwa unaingia. Sasa hivi ufunguo wa gari unaingia mpaka kwenye plastiki yake. Mlango wa chumba chake ulianza kwa kukataa kufungika, nikaupiga randa. Safari nyingine ukakataa kufunguka, nikamtoa Mama kwa bega langu, bega lile lile bovu. Na nyumba inatoa sauti. Si kishindo. Ni kama mtu mzima anayejivunja vidole kimoja kimoja kwenye chumba cha pili, anapumzika, halafu anaendelea. Mwanzoni nilidhani ni magoti yangu. Nilisimama wima nikatulia, na sauti ikaja hata hivyo.

Akinyi, msichana wa Kikenya wa ghorofa ya juu kabisa, anayefanya kazi kwenye hoteli moja Kimihurura, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Aliniita siku moja mchana nikaone kitu. Akaweka chungwa katikati ya sakafu. Chungwa likatulia, likafikiri, likaanza kwenda lenyewe mpaka ukuta wa upande wa mlima. Tukacheka sana. Akaliweka tena kona nyingine, likaenda pale pale. Mara hiyo hatukucheka. Amehamia Gisimenti, juu ya baa ambayo muziki wake hauzimi. Nikamtania kwamba atakuwa kiziwi kabla ya kuolewa. Akaniambia, "Mzee Zephaniah, heri kelele ambayo najua inatoka wapi. Na wewe umtoe shosho humo." Shosho ndivyo anavyomwita Mama, yaani bibi, na aliposema hivyo alikuwa ameshika godoro lake kichwani, na alikuwa analia.

Kabla hajahama alikwenda kutoa taarifa kwa viongozi. Walimsikiliza vizuri, wakasema watakuja na mtaalamu wakimaliza upande wa Rebero, ambako mvua imekwisha angusha kuta. Sisi huku bado tumesimama, kwa hiyo tuko nyuma kwenye foleni. Baada ya Akinyi wakaondoka mume na mke waliopakana na Épiphanie kwenye ghorofa ya kati. Mugenzi hapokei simu. Amebaki Épiphanie, anayesema atahama siku Mungu atakapomwambia, na kila asubuhi anaimba kwa nguvu zaidi. Na tumebaki sisi.

Sasa nakuja kwa Mama.

Usidhani nilikaa kimya. Nilipata vyumba viwili Remera, tambarare, hata chungwa halitembei. Nikamwambia. Akaniuliza kwa upole kama nimechoka naye. Nikamwonyesha ufa. Akasema ameuona kabla yangu, kwani nani analala chini yake? Akasema yeye mwenyewe ana mikunjo mingi kuliko ukuta huo na hakuna aliyemwambia ahame mwilini mwake. Unajua anavyokuwa akishaamua jambo. Akaanza kunihesabia, wala si kwa hasira: aliondoka Gisaka, huku huku Rwanda, akiwa bibi harusi, chungu kikiwa motoni. Aliondoka Karagwe akiwa bibi kizee, ng'ombe wakiwa hawajakamuliwa, na kaburi la Baba akaliacha mikononi mwa majirani. Aliondoka ile nyumba yetu ya bondeni hapa Kigali, kabla serikali haijazibomoa zote ili bonde lirudi kuwa kinamasi. Kila mara aliambiwa ni kwa muda mfupi. Na kila mara aliporudi kutazama, nyumba haikuwepo. Akasema sasa amechoka kuondoka. Hii ikianguka, itamkuta.

Tangu siku hiyo anauziba ufa kwa vipande vya kitenge chake cha zamani, kile cha njano. Anavikunja vizuri, anavisukuma kwa kijiko. Kila asubuhi ninapomletea chai, navikuta vimeanguka juu ya mto, pembeni ya kichwa chake. Havijasukumwa na mtu. Ukuta umepanua mdomo tu, ukaviachia. Anaviokota, anakunja kipande kingine juu yake, anaziba tena, ananiuliza kama sukari ipo.

Mdogo wangu, nimefundisha watu wengi kuendesha gari kwenye vilima hivi, na najua hali moja ambayo huwezi kuieleza kwa asiyeijua. Gari limesimama, kila kitu kimetulia, lakini makalio yako yanakwambia kwamba limeanza kwenda. Dereva bado anakusimulia habari za harusi ya binamu yake. Ndivyo ninavyokaa kwenye kiti changu cha sebuleni wiki hizi.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilifanya jambo. Nakuomba usiinue sauti hapo jikoni. Nilimwambia Mama kwamba unaumwa. Nilimwambia Dominic amenipigia akilia, kwamba umelala, huli, na unamtaja yeye tu. Nilitafuta ugonjwa nikaukosa, maana wewe tangu utotoni ni kama trekta, nikasema ni tumbo na mgongo na madaktari hawajui. Mungu anisamehe, nilitoa hata machozi, na yalikuja kwa urahisi kuliko nilivyotegemea.

Alisimama papo hapo. Yule aliyechoka kuondoka alisimama bila fimbo, akaanza kukunja nguo. Anapanda basi kesho Alhamisi asubuhi, nimemkabidhi kwa mama mmoja wa kanisani anayekwenda Ngara kwa msiba. Jioni atakuwa mlangoni kwako. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, funga mgahawa, panda kitandani, na huyo Dominic mfundishe kuhuzunika, najua si kipaji chake. Watoto waambie mama yao anaumwa kweli, kwa sababu watoto wako hawawezi kutunza siri, tumeshaliona hilo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuandikia barua ya kuchekesha. Lakini bado.

Jana mchana Mama aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mzigo umeshafungwa, na ufa uko juu ya kichwa chake kama tawi. Akasema anataka kuniuliza kitu na nisimjibu kama mwalimu. Akasema: mwanangu, kama Kankindi anaumwa kweli, nakwenda. Lakini kama unanitoa humu kwa sababu ya nyumba, niambie, nitakaa. Nikasema ni Kankindi. Akanitazama, unajua lile jicho. Akasema basi sawa. Kama nyumba haina neno, niape kwa kaburi la Baba kwamba nitaendelea kulala ndani yake mpaka atakaporudi, ili safari hii, mara moja katika maisha yake, aache nyumba na aikute. Na kama siwezi kuapa, yeye anafungua mzigo.

Na akaanza kweli kulegeza fundo. Fundo lilikuwa linaachia.

Nikaapa.

Unanijua mimi, Kankindi. Nadanganya trafiki, namdanganya daktari kuhusu chumvi, na wewe nimekudanganya mara nyingi tu. Lakini niliweka mkono kichwani pake na kulitaja kaburi la Baba, na sina mlango wa kutokea hapo. Hata ningeutafuta, amekwisha mwagiza Épiphanie anipitie kila asubuhi na kumpigia simu kumweleza kama nimelala humu. Épiphanie atafanya hivyo, na hatasema uongo hata ukimwahidi mbingu.

Sasa elewa kazi niliyokupa, kwa sababu ni ngumu kuliko kulala kitandani. Ukipona haraka, Mama atafunga mzigo na kurudi chini ya ufa ule, na kazi yote itakuwa bure. Ukiumwa muda mrefu, mimi niko humu. Njia ya kutoka ni moja tu. Mfanye aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anabaki kwako na harudi Kigali. Siku atakayoyasema maneno hayo, kiapo kimekwisha, na mimi nitatoka humu na viatu mkononi. Usimwombe, ukimwomba atakataa. Mwache aone watoto wasiojua kusali, mwache aonje ugali wako akuhurumie. Mpe jiko. Akishaanza kupanga vyombo vyako upya na kumgombeza Dominic, ujue tunakaribia. Wala usimwambie habari ya ukuta wa mlima na maneno ya Mugenzi, hata kidogo; yeye anaujua ufa tu. Akijua nimeapa ndani ya nyumba ya namna hii, atakuja kunitoa mwenyewe, kwa miguu ikibidi, na atanikuta humu.

Jambo la mwisho aliniomba leo asubuhi. Alitandika kitanda chake, akakipiga kiganja mara kadhaa, akasema kitanda kinachoachwa kitupu hujua kwamba mwenyewe harudi. Akataka nisilale tena sebuleni. Nilale hapa, kwenye mto wake, mpaka aje. Nikamwambia kitanda ni kifupi. Akasema nikunje miguu.

Maneno amekuja, anapiga honi chini kwenye maghala, na wingu limeziba Mlima Kigali wote. Nisalimie Dominic, umwambie namkumbuka kwenye meza ya karata. Wabusu watoto, mkubwa umwambie zawadi ya mjomba iko njiani pamoja na bibi yake. Mama anapenda chai yake iwe na tangawizi kidogo, na usiku asilale karibu na ukuta, msogezee kitanda katikati ya chumba. Akiuliza sababu, sema ni joto.

Mimi kaka yako anayekupenda,

Zephaniah